Fuata kiwanja, usifuate jina: kusaka ukoo kwa nyaraka za ardhi Ujiji na Tabora

Mzee aliyejulikana mtaani kwa jina la Kapela anaweza kuwa Juma bin Mabruki kwenye stakabadhi ya kodi, Juma Feruzi kwenye jalada la kesi na Yosefu kwenye kitabu cha ubatizo. Ukimsaka kwa jina utampoteza njiani. Kiwanja chake hakihami. Kipo palepale Kasingirima ya Ujiji au Gongoni ya Tabora, na kila aliyekirithi, aliyekiuza au aliyekigombania ameacha karatasi mahali fulani. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza ni mmoja: shika eneo, rudi nyuma mmiliki mmoja baada ya mwingine, na majina yatajileta yenyewe.

Anza na sanduku la nyumbani. Barua ya toleo (ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja), risiti za kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo, barua kutoka manispaa, hata notisi ya kubomolewa, zote zinabeba namba. Unachotafuta ni namba ya kiwanja, kitalu, na namba ya hati kama ipo. Piga picha pande zote mbili, maana mihuri na maandishi ya kalamu mara nyingi yako nyuma. Usiipeleke karatasi ya zamani kupigwa plastiki stesheneri: joto la mashine huiharibu, na plastiki ikishashika haitoki tena.

Ukishakuwa na namba, nenda idara ya ardhi ya halmashauri uombe kuona jalada la kiwanja. Kama kina hati, peleka pia maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Jibu la upekuzi wa kawaida linataja mmiliki wa sasa na vizuizi vilivyopo, basi. Wewe omba nakala za nyaraka za uhamisho zilizotangulia. Ndani ya jalada tafuta viapo. Mtu anayetaka kuhamishiwa kiwanja cha marehemu huapa kwa maandishi yeye ni nani, marehemu alikuwa nani wake, na alifariki lini. Kiapo kimoja cha namna hiyo kinaweza kukupa vizazi viwili kwa ukurasa mmoja.

Namba za viwanja hubadilika. Mji ukipangwa upya, kiwanja namba 12 cha zamani kinaweza kukatwa vitatu na kupewa namba mpya. Hapo omba ramani ya upimaji ya zamani, uilinganishe na ya sasa kwa kutumia kitu kisichohama: reli, msikiti, kona ya barabara. Ramani za enzi ya Mwingereza hupima kwa futi au kwa cheni. Cheni moja ni futi 66, yaani mita 20.12, na cheni 10 za mraba ni ekari moja. Kiwanja cha futi 75 kwa 50 ni kama mita 23 kwa 15. Ramani za Mjerumani ziko kwa mita na hekta, kwa hiyo usishangae eneo lilelile likionekana limepungua au limeongezeka.

Sheria nazo zimebadilisha sura ya karatasi. Amri ya Kijerumani ya Novemba 1895 ilitangaza ardhi isiyo na mwenyewe aliyethibitika kuwa ya dola. Sheria ya Ardhi ya Mwingereza ya 1923 ikaleta haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali, na 1969 upangaji huo ukawa haki ya kumiliki. Kiwanja kilekile kinaweza basi kuwa na majalada mawili au matatu yenye namba tofauti. Ukiambiwa "jalada linaanzia 1970", uliza hati iliyofutwa ilikuwa namba gani.

Tuseme ukweli: Waafrika wengi hawakuwahi kuingia kwenye daftari la ardhi la Kijerumani. Walioandikwa zaidi ni wamisheni, wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu, na Wazungu wenyewe. Babu yako yumo kwa mlango wa nyuma: kama jirani, kama shahidi, kama mpangaji. Kwa hiyo soma mipaka kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Hati za mauziano za Ujiji na Tabora zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hutaja pande nne. Mfano wake ni huu: fulani bin fulani amemuuzia fulani nyumba yake, mpaka wa kibla nyumba ya fulani, mpaka wa suheli njia, mpaka wa matlai shamba la fulani, mpaka wa maghribi kaburi. Kibla kwetu ni kaskazini, suheli kusini, matlai mashariki. Chora mraba, andika majina pembeni. Ukipata hati ya jirani, uichore vilevile uziunganishe. Hati nne tano za mtaa mmoja zinatosha kuonyesha nani alikaa karibu na nani, na ndugu walikuwa na kawaida ya kujenga pamoja.

Mpe hati hizo shehe au mwalimu wa madrasa anayezoea Kiswahili cha zamani, kwa sababu anayejua Kiarabu tu atateleza. Herufi za Kiarabu hazina p, v wala g ya kwetu. Waandishi wengi walitumia ba kwa p, fa kwa v na ghaini kwa g, na n iliyo mbele ya d au g mara nyingi haikuandikwa kabisa. Kapela atasomeka Kabela. Mjerumani naye ana mazoea yake: j yake ni y yetu, w ni v, sch ni sh. Yusufu anakuwa Jussuf, Shabani anakuwa Schabani, Ujiji inaandikwa Udjidji. Andika tahajia zote zinazowezekana kabla hujafungua faharasa yoyote.

Karatasi isiyo na tarehe tazama fedha yake. Rupia yenye pesa 64 ni ya kabla ya 1904. Rupia yenye heller 100 ni ya baada ya hapo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika miaka ya mwanzo ya 1920. (Tabora yenyewe iligongewa fedha za dharura mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa sarafu vitani.) Mwaka wa Hijria uuzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622: mwaka 1325 unakuja 1907. Ukikuta "Mfunguo Sita", huo ni mwezi wa Maulidi, kwa kuwa Mfunguo Mosi ndiyo Shawali.

Sasa mirathi, ambako ndiko kwenye utajiri wenyewe. Majalada ya Mahakama ya Mwanzo yana muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya kumteua msimamizi, orodha ya mali (Fomu Na. V) na hesabu ya mgawanyo (Fomu Na. VI). Muhtasari hutaja waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu. Usinakili warithi tu, nakili na mashahidi.

Pale mgawanyo ulipofanywa kwa sheria ya Kiislamu, hata kama uhusiano haukuandikwa, mafungu yanausema. Mjane hupata thumuni (sehemu moja ya nane) kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha. Wajane wawili hugawana thumuni hiyohiyo. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Mzazi wa marehemu aliyeacha mtoto wa kiume hupata sudusi (sehemu moja ya sita). Chukua nyumba iliyogawanywa mafungu 24: mmoja kapata 3, watatu kila mmoja kapata 6, na mwingine kapata 3. Wa 3 wa kwanza ni mjane (thumuni ya 24). Yanabaki 21: wana watatu wa kiume 18, binti mmoja 3. Wa 3 wawili wanafanana kwa hesabu, lakini majina na umri vitakuambia yupi mjane, yupi binti. Ukikuta mtu ana 4 kati ya 24, fikiria kwanza mama au baba wa marehemu.

Unyamwezini kuna jambo jingine. Kwa mila, mahari isipolipwa watoto ni wa upande wa mama, na shamba linaweza kwenda kwa mpwa. Kwa hiyo anayeitwa "mtoto" kwenye shauri la ardhi anaweza kuwa mtoto wa dada. Usiunganishe mstari wa baba mpaka upate karatasi ya pili.

Tahadhari kubwa zaidi ni "bin". Ujiji na Tabora zilikuwa vituo vya biashara ya watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Walioachwa huru mara nyingi walibeba jina la aliyekuwa bwana wao, au wakaandikwa bin Abdallah kwa kuwa baba hakujulikana. Koo nyingi zenye asili ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zina pengo hapo. Ukifika kwenye pengo hilo, liandike kama pengo. Na habari yenyewe waulize wazee faraghani, si mbele ya watu: wapo ambao hawajawahi kuwaambia hata watoto wao.

Kwa ardhi ya kijiji njia ni tofauti. Uliza masjala ya ardhi ya kijiji, kama kijiji kinatoa hati za haki miliki ya kimila, kisha mihtasari ya halmashauri ya kijiji. Lakini kijiji cha leo huenda si cha babu. Kigoma ilihamishwa mapema katika Operesheni Vijiji, kuanzia 1972, na kabla ya hapo, miaka ya 1920 na 1930, Mwingereza alikusanya watu wa Tabora na Kigoma kwenye makazi mapya kwa ajili ya malale. Uliza "mlitoka wapi kabla ya kuhamishwa", halafu nendeni mkaone mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Miembe, michikichi na minyaa iliyopangwa mstari bado inaonyesha mipaka, na makaburi yako karibu.

Nyaraka za utawala wa kikoloni ziko Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na majalada ya Kijerumani na vitabu vya wilaya. Nenda na barua ya utambulisho, na ujue jiografia ya wakati ule: kwa muda mrefu chini ya Mwingereza, Kigoma, Kasulu, Kibondo na hata Kahama zilikuwa Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Buhigwe itafute ndani ya Kasulu, Uvinza ndani ya Kigoma, Kaliua ndani ya Urambo. Kwa Kigoma kuna shimo la 1916 hadi 1921, Wabelgiji walipoishika. Karatasi za miaka hiyo zisakwe Brussels. Waliobatizwa wana bahati: White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa huku tangu 1878, na pembeni ya jina kwenye kitabu cha ubatizo huandikwa pia ndoa. Kwa Wamoravian wa Urambo na Sikonge, vitabu vya usharika kwanza, kisha nyaraka za kanisa lao zilizoko Herrnhut, Ujerumani.

Popote utakapoingia, sema mapema unatafuta ukoo, si kudai ardhi. Mtu anayekaa kwenye kiwanja cha zamani cha babu yako akisikia unapekua hati, atakwenda kwa mwanasheria kabla hujamaliza chai. Na dai la kurudisha ardhi kwa kawaida lina ukomo wa miaka 12, kwa hiyo karatasi ya 1938 haikupi nyumba. Malipo yote yawe kwa namba ya malipo ya serikali. Anayekutaka pesa mkononi ili "akutolee jalada" atakutolea nakala isiyo na namba, nawe hutaweza kuirudia.

Nyuma ya kila nakala andika kwa penseli: ofisi, namba ya jalada, ukurasa, tarehe uliyoiona. Majalada huhamishwa kutoka wilaya kwenda mkoa, na bila namba hizo karani wa mwaka ujao hatakuwa na pa kuanzia.