Kwenda Airport na daladala ukiwa na begi: jinsi ninavyofanya mimi

Jamani watu wengi hapa Dar wakisikia nimeenda Airport na daladala wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Wala sio shida kihivyo, shida ni kutojua magari yanajaa upande gani na saa ngapi, ukishajua hilo mengine yanakuwa mepesi.

Nilijifunza siku nimetua kutoka Mwanza asubuhi, saa moja na kitu, nikasimama kituo cha Airport pale Barabara ya Nyerere na begi la kuburuta plus shangazi kaja lenye sangara wakavu. Kila gari inayotoka Gongo la Mboto kwenda mjini inafika imeshiba, makonda wananing'inia mlangoni, wakiona tu begi wanapiga bati gari inaondoka haijasimama hata vizuri, nimekaa pale karibu saa nzima mpaka mzee mmoja muuza kahawa akanionea huruma akaniambia, "Mwanangu, hapo utazeeka. Vuka ng'ambo, panda inayoenda Gongo la Mboto, geuza nayo."

Kugeuza, yaani kupanda gari mpaka mwisho wake ili urudi nayo ukiwa umeshakaa, naijua tangu nasoma sekondari, ila na mzigo haikuwahi kunijia akilini. Nikavuka, gari ya kwenda Gongo la Mboto asubuhi ni tupu kabisa, nikachagua siti ya nyuma pembeni, begi nikalibana kwa magoti, tumefika mwisho wa gari watu wanagombania kuingia mpaka dirishani na mimi nimekaa zangu natulia. Nikalipa nauli mara mbili, kwenda na kurudi, na bado haigusi hata robo ya bei niliyotajiwa na madereva teksi pale nje.

Kwa hiyo kama ndege yako ni ya asubuhi na unatokea Kariakoo au Buguruni (mimi nakaa Tabata, naunganisha Buguruni) panda bila wasiwasi, unaenda kinyume na watu. Jioni ndio kasheshe, watu wote wanarudi Ukonga na Gongo la Mboto, hapo usijaribu kudandia njiani, nenda gari inapoanzia upakie mapema. Foleni nayo ihesabie. Pale Tazara pamepungua sana tangu flyover ya Mfugale ifunguliwe 2018, lakini mvua ikinyesha Dar hii mnaijua wenyewe.

Halafu mzigo. Ongea na konda KABLA hujapanda, sio gari ishaondoka, mwambie "begi nalilipia siti" na uone atakavyokuita bosi. Usipolilipia atakwambia ulipakate, na kilo 23 kupakata kutoka Buguruni sio mchezo. Usikubali pia liwekwe mlangoni, kila anayeshuka analikanyaga, langu lilivunjika gurudumu hivyo hivyo. Siku hizi nabeba la mgongoni, siti ya dirishani naikwepa, na simu iko ndani ya soksi (cheka tu).

Kingine, ukishuka kituoni bado hujafika. Kuna mwendo wa kuingia ndani, mikono mitupu unatembea fresh ila na begi jua la saa nane utafika shati limelowa, mimi nabeba fulana ya kubadilisha. Na angalia tiketi vizuri, tangu 2019 ndege za nje zinatumia Terminal 3, za ndani Terminal 2, ni majengo tofauti. Dada yangu alienda kuagwa na ukoo mzima Terminal 2 wakati anaenda Muscat, wakapiga mapicha weee, walipostuka ikawa mbio mguu mosi mguu pili na mabegi kichwani.

Ukitua usiku wa manane achana na haya yote, ita gari kwenye simu uende kulala. Nami nabana matumizi lakini sio kwa kusimama barabarani saa nane usiku na begi limebandikwa stika ya ndege.