Amplifaya ya gitaa inayokwaruza ukiongeza sauti

Mkuu, umesema amplifaya yako ya gitaa inakwaruza ukiongeza sauti na unahofia spika imekufa; haijafa. Mkwaruzo unaosikika pale tu unapozungusha kitufe cha sauti ni vumbi na kutu ndani ya kitufe chenyewe, ile mafundi wanaita voliumu. Chomoa umeme, fungua kasha, pulizia dawa ya kusafishia swichi kwenye kitundu cha kitufe hicho kwa ndani, halafu kizungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 hivi. Mafuta ya cherehani usitie, yananasa vumbi. Yangu ilipona hivyo baada ya kukaa stoo masika yote. Ila kama ni ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) usiifungue mwenyewe: kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyotunza umeme, hubaki na mamia ya volti hata amplifaya ikiwa imechomolewa. Ikikwaruza bila kuguswa kitufe, jaribu kwanza waya mwingine wa gitaa.