Tandiko la waya: usifunge kebo moja kwa moja kwenye bomba

Kwa mama, Mikindani, waya wa floti ya tangi (swichi inayoelea na kufuata kina cha maji) unapanda na bomba la chuma hadi juu ya mnara. Miaka yote ulikuwa umefungwa kwa kebo tai tupu, vile vikanda vya plastiki vya kukazia nyaya, na miaka yote ulikuwa unachubuka palepale, kwenye soketi, bomba linapoungana na kunenepa. Kusi ikianza kuvuma, waya unasugua kutwa kucha. Rangi ya bomba ilishaliwa na chumvi ya bahari. Iliyobaki ni kutu, na kutu ni msasa.

Nilichofanya ni kuweka kipande cha plastiki kati ya waya na bomba. Nakiita tandiko, kwa sababu kinalikalia bomba kama tandiko linavyomkalia punda: tumbo limechimbwa kufuata mviringo wa bomba, mgongoni kuna mfereji wa waya, na ubavuni kuna matobo mawili ya kupitisha kebo tai. Moja inazunguka bomba, nyingine inashika waya tu. Siku ukibadilisha waya, unakata hiyo ya pili na tandiko linabaki mahali pake. Nayachapa kwa printa ya 3D, inayoyeyusha plastiki na kuijenga tabaka juu ya tabaka, na tandiko moja halimalizi saa nzima, jambo la kushukuru kwa yeyote aliyewahi kukatikiwa umeme kazi ikiwa nusu.

Niliharibu mengi kabla ya kupata la maana. Bomba la nusu inchi nililichorea milimita 12.7, nikafika Mikindani na mfuko wa vitu visivyoingia popote. Nusu inchi ni jina tu. Kwa nje bomba hilo la chuma lina kipenyo cha milimita 21.3, na la inchi moja na nusu lina 48.3. Kama huna kalipa, kile kipimo cha kubana kitu kujua unene wake, zungusha kipande cha karatasi kwenye bomba, pima urefu wa mzunguko mmoja, gawa kwa 3.14. Pima bomba lenyewe, usimuulize muuza duka.

Safari ya pili vipimo vilikuwa sawa, nikakosea plastiki. Printa hizi hutumia plastiki za aina nyingi, nami nilitumia PLA kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Hiyo huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na chuma kilichokaa juani Mtwara saa nane mchana hukishiki kwa kiganja. Mama akanipigia: "Baba, vile vidude vyako vimelala kama mishumaa." Sasa natumia PETG nyeusi, inayovumilia hadi karibu nyuzi 80. Aina nyingine, ASA, inastahimili jua zaidi, ila inanuka na inajikunja wakati wa kuchapa, kwa hiyo inataka printa iliyofungiwa ndani ya boksi. PETG nayo ina lake: inavuta unyevu. Itunze kama korosho, ikauke kwanza ndipo ihifadhiwe. Yangu inalala kwenye ndoo yenye mfuniko na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

La tatu ndilo watu wengi hawalijali: namna ya kulilaza tandiko kwenye printa. Mwanzoni nililaza mgongo chini, tumbo juu, kwa sababu lilipendeza hivyo. Nilipokaza kebo tai ya waya, likabanduka vipande viwili kama chapati ya kusukuma. Lisimamishe kwa ncha yake, lile umbo la nusu mwezi lilale kwenye sahani ya printa. Hapo tabaka zinalala upande uleule kebo tai inakovutia, na matobo yanachapika bila nguzo za kuyashikilia. Kwenye mipangilio ya printa weka kuta nne za nje, na ujazo wa ndani asilimia 40. Kwa kebo tai ya milimita 4.8, tobo liwe na upana wa 6.

Kebo tai zenyewe zinunue nyeusi. Nyeupe zinapauka, zinakuwa kavu, siku moja unaokota vipande chini. Mkia ukate kwa mkasi wa kucha. Koleo linaacha ncha inayochana mkono wa atakayepanda baada yako.

Matandiko nayapanga kila nusu mita, na moja kila upande wa soketi. Kabla waya haujaingia kwenye boksi la swichi, uache uning'inie kidogo chini ya tundu, maji ya mvua yadondokee hapo. Na kwa kuwa huku kwetu zipo nyumba zenye mabomba ya gesi: hayo usifungie chochote.

Chini ya kila tandiko siku hizi nachora namba, 21 au 48. Ukiwa juu ya ngazi yote yanafanana.