Picha Yako Imeibiwa? Usianze kwa Kugomba

Ukikuta picha yako ya wakulima wa mwani wa Paje imekaa kwenye tangazo la kampuni ya utalii usiyoijua, mkono unakwenda wenyewe kwenye maoni: "Wezi wakubwa nyinyi!" Baada ya nusu saa posti imefutwa, akaunti imekufungia, na wewe umebaki na hasira zako bila ya ushahidi. Kosa hilo huwagharimu wapiga picha kuliko wizi wenyewe. Mwizi akishajua umemwona, anafuta. Akishafuta, utadai malipo ya matumizi ambayo huna cha kuonesha kuwa yalikuwepo.

Kwa hivyo kabla ya neno lolote, kusanya. Fungua ukurasa ule kwenye kompyuta badala ya simu, ili anwani nzima ionekane juu na tarehe na saa zionekane pembeni. Piga skrinshoti, kisha uhifadhi ukurasa wote kama PDF. Halafu bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, uifungue peke yake, unakili kiungo chake. Kiungo cha ukurasa na kiungo cha picha ni vitu viwili, na malalamiko mengi hurudishwa kwa sababu mtu ametuma kimoja tu, au ametuma anwani ya mwanzo ya tovuti nzima na kuwaachia wanaoyapokea watafute wenyewe.

Hatua inayosahaulika ni Wayback Machine, ghala la nakala za kurasa za mtandao. Ingia web.archive.org, bandika kiungo kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, usubiri. Itatengenezwa nakala yenye tarehe, imekaa kwenye seva usiyoweza kuigusa, na ndiyo maana ina uzito kuliko skrinshoti uliyoipiga mwenyewe. Kwa Instagram na Facebook haifanyi kazi vizuri. Huko rekodi video ya skrini: anza kwenye wasifu wa akaunti, teremka mpaka kwenye posti, ifungue, onesha tarehe yake. Stori haingoji, saa 24 tu imekwenda, kwa hivyo rekodi papo hapo. Na ukiona posti imelipiwa kuwa tangazo, hakikisha alama hiyo inaonekana, kwa sababu matumizi ya tangazo hayana bei moja na posti ya kawaida.

Sasa jiulize swali lisilopendeza: hukuitoa wewe mwenyewe? Picha uliyoipakia Wikimedia Commons, hifadhi ya picha huria, kwa leseni ya CC BY-SA, mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia hata kibiashara, mradi akutaje jina na afuate masharti ya leseni, na leseni hiyo hairudishwi nyuma. Kama hakukutaja, hapo una hoja. Kama amekutaja, nyamaza. Unsplash, tovuti ya picha za bure, nayo inaruhusu matumizi ya biashara, tena bila hata ya kutajwa. Na kuna mlango mwengine ambao Unguja ndio uliozoeleka zaidi: uliipigia hoteli picha 40, hoteli ikampa wakala, wakala akampa mwenziwe wa Ulaya, na huyu wa mwisho wala hajui jina lako. Hapo huna mwizi mmoja wa kumshika. Una mnyororo wa watu ambao hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwa maandishi mwisho wa ruhusa yake ni wapi. Mtu akilipia kupigiwa picha huona amenunua na picha yenyewe, kama aliyenunua kanga Darajani.

Baada ya hapo ndipo uthibitishe kuwa picha ni yako. Wengi hudhani ushahidi ni jina lililochapwa pembeni. La. Ushahidi ni faili la asili: RAW, yaani faili ghafi, kwa mwenye kamera, au faili lililotoka kwenye simu bila ya kupitia programu yoyote. Ndani yake mna saa ya kupigwa, aina ya kamera na lenzi, na kwa kamera nyingi hata namba ya mashine. Lenye nguvu zaidi ni picha za jirani, yaani ile uliyoipiga sekunde mbili kabla na ile ya sekunde tatu baada. Mwizi anaweza kuwa na picha moja. Hawezi kuwa na zile kumi ambazo ngalawa inaonekana ikisogea kidogo kidogo kuelekea mwamba. Pia faili lako ni pana kuliko lake. Kama yeye amekata ukingo wa kushoto, wewe una huo ukingo na mtoto aliyesimama hapo.

Mwenye simu aangalie na mipangilio ya Google Photos. Ukiiacha kwenye uhifadhi wa kubana nafasi, nakala iliyoko mtandaoni si ile ya asili, na siku utakayofuta ya kwenye simu umefuta ushahidi. Chagua ubora wa asili, au hamishia faili kwenye diski ya nje.

Kujua wizi umefika wapi

Usitegemee mashine moja. Google Lens ni nzuri kwa vitu na maeneo, lakini hukuletea picha zinazofanana na zako pamoja na za watu wengine waliosimama palepale, na kwa mahali kama Forodhani au mgahawa wa mwambani wa Pingwe utazama kwenye majibu. TinEye hutafuta nakala ya picha ileile, na unaweza kupanga majibu kwa kuanzia ya zamani, jambo linalosaidia kumjua aliyeanza kuisambaza. Yandex na Bing nazo hupata yanayoachwa na hizo mbili.

Ujanja wa zamani ni kugeuza picha, kushoto kuwa kulia. Mashine huweza kupotea, lakini macho hayapaswi kupotea. Chukua mlango wa Mji Mkongwe ulionakshiwa maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu: ikigeuzwa, aya inakwenda kinyume, herufi ya mwanzo iko mwisho, na yeyote aliyepita chuo cha Kurani ataona mara moja kuwa hapo kuna mchezo. Kabla ya kutafuta, jitengenezee nakala mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa, uzipitishe zote. Tengeneza na nakala ya tatu, kipande cha katikati tu, kwa sababu wengi hukata pembe ili kuondoa jina.

Barua ya kwanza

Andika kwa adabu na kwa namba. Mtu aliyekopi kwa kutojua atalipa au ataondoa. Aliyefanya makusudi ataonekana mbaya mbele ya yeyote atakayeisoma baadaye. Mfano:

"Assalaam alaykum. Picha iliyopo kwenye ukurasa wenu (kiungo) niliipiga mimi tarehe 12 Februari, na sikutoa ruhusa itumike. Naambatanisha nakala ya ukurasa wenu na faili la asili lililopunguzwa ukubwa. Bei yangu ya matumizi ya biashara kwenye mtandao ni shilingi 150,000 kwa picha kwa mwaka, na ankara ya muda uliokwishapita imo. Mkitaka kuendelea kuitumia tutaandikiana; kama hamtaki, tafadhali iondoeni. Naomba pia kujua mliipata kwa nani. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14."

Angalia mambo mawili hapo. Kuondoa picha hakufuti ankara, na hukusema "lipeni au ondoeni", kwa sababu ukisema hivyo wataondoa na mambo yamekwisha. La pili ni lile swali la mwisho; jibu lake mara nyingi ndilo linalomtaja aliyevunja mkataba. Bei iwe ile unayotoza kweli, yenye ankara za zamani za kuionesha. Picha isiyoweza kupigwa tena, kama ya Beit el Ajaib nzima kabla sehemu yake haijaporomoka Disemba 2020, ina haki ya kuwa ghali, lakini milioni kumi kwa posti moja itakufanya uchekwe. Na usiandike "nitawaanika mtandaoni msipolipa". Hayo yanasomeka kama kutoza watu fedha kwa vitisho, na kesi inaweza kukugeukia.

Wasipojibu, nenda kwa anayewahifadhi

Kampuni nyingi za mitandao zinafuata sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA, na huhitaji kuwa Mmarekani kuitumia. Malalamiko yake yawe na vitu hivi: saini yako (jina lililochapwa linatosha), picha yako inayohusika ni ipi, nakala iliyoibiwa iko kwenye viungo gani, mawasiliano yako, kauli kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayana ruhusa, na kauli kwamba taarifa ni sahihi na wewe ni mwenye haki au umeruhusiwa na mwenye haki, ukijua kuwa kusema uongo hapo ni kosa. Kikikosekana kimoja, usishangae kunyamaziwa. Facebook na Instagram wana fomu yao inayokuongoza kipengele kwa kipengele.

Tahadhari moja kubwa: jina lako na barua pepe yako hufikishwa kwa uliyemlalamikia. Fungua barua pepe ya kazi, na usiandike anwani ya nyumbani kwenu wala namba ya simu ya familia. Google nao, ukiwaomba waondoe ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji, hupeleka nakala ya ombi kwenye hifadhi ya wazi iitwayo Lumen.

Kwa tovuti ya mtu binafsi, anza na lookup.icann.org: itakuonesha msajili wa jina la tovuti na seva za jina (name server), ambazo mara nyingi hudokeza kampuni inayoihifadhi. Ukiona Cloudflare usifikiri umefika, hao mara nyingi wamesimama mbele kama pazia tu. Wajazie fomu yao ya malalamiko, wao huyafikisha kwa mwenye seva na hukujulisha ni nani. Halafu jua kuwa mtuhumiwa ana haki ya kupinga. Akipinga kwa utaratibu, picha hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa uoneshe kuwa umefungua shauri mahakamani. Ndiyo maana usilalamike kwa picha ambayo huna faili lake la asili.

Kwa mkosaji aliye hapa hapa Zanzibar sheria ni ile ya Hakimiliki, Namba 14 ya 2003, na mlango ni COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Bara wana sheria yao ya 1999 na taasisi yao, COSOTA, kwa hivyo usinukuu vifungu vya huko kwa jambo la Chake Chake. Haki yenyewe huzaliwa picha inapopigwa, bila ya usajili. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994. Kuandikisha kunasaidia kuthibitisha tu. Na anayekwambia "nimeitoa Google" mjibu kwamba Mahakama ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2018, iliamua dhidi ya hoja ya aina hiyo kwenye picha ya mji wa Córdoba. Picha ilikuwa wazi kwenye tovuti ya safari, skuli moja ya Ujerumani ikaiweka kwenye tovuti yake pamoja na kazi ya mwanafunzi, na mahakama ikasema hata hivyo ruhusa ya mpiga picha ilihitajika.

Ukiwa ndani ya picha

Hapa watu huchanganya sana. Bibi harusi aliyepigwa siku ya kupambwa, kichwa wazi, kisha picha ikasambazwa, ameumizwa, lakini hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyeshika kamera. Akijaza fomu ya hakimiliki kwa jina lake atakuwa ametoa kauli isiyo kweli. Njia zake ni mbili: aripoti kwa kipengele cha faragha, au amwendee mpiga picha, ama mpiga picha alalamike mwenyewe, ama ampe bibi harusi ruhusa ya maandishi ya kulalamika kwa niaba yake. Kama ni picha ya utupu ya mtu mzima, StopNCII.org hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, bila ya kuituma picha, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuizuia.

Kabla haijatoka mkononi

Unaloliweka mtandaoni lisizidi pikseli 1200 upande mrefu. Kwenye simu linapendeza. Likichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi linatoa kama sentimita 10 tu, kwa hivyo halifai bango. Jina lililochapwa pembeni hukatwa, la katikati huharibu picha, na programu za akili mnemba hulifuta lote. Liweke kama unalitaka kwa matangazo, lakini usililalie. Afadhali uandike jina ndani ya faili, kwenye menyu ya kamera au kwa ExifTool, programu ya kompyuta ya kuandika taarifa ndani ya picha, kwa amri hii:

exiftool -Artist="Jina Lako" -Copyright="© 2025 Jina Lako" picha.jpg

Faili la zamani litabaki na neno "_original" mwishoni mwa jina, usilifute. WhatsApp huondoa taarifa hizo na kuibana picha ukiituma kama picha, ila ukiituma kama hati inafika ilivyo. Mteja mtumie kama hati.

Na mteja huyo, hata akiwa ami yako mwenye nyumba ya wageni Jambiani, umwandikie mistari mitatu kabla ya kumpa: picha ngapi, zitumike wapi na kwa muda gani, na kwamba haruhusiwi kumpa wakala wala mtu mwengine yeyote bila ya kukuuliza. Akijibu "sawa" kwenye WhatsApp, hifadhi mazungumzo yale kwenye folda moja na RAW.