Basi Linapolala Upande Mmoja: Kusaka Upepo Unaovuja

Usiku wa tatu tangu tuhamie kwenye basi tuliloligeuza nyumba, niliamka miguu ikiwa juu kuliko kichwa. Nilidhani godoro limeteleza. Nilipowasha taa nikaona penseli niliyoiacha mezani imebiringika mpaka ukutani. Basi zima lilikuwa limeinama kona ya nyuma, upande wa kulia. Basi letu hutumia upepo uliobanwa kwa breki, na pia kwa mifuko ya mpira inayolibeba. Asubuhi nikaangalia geji ya upepo: jana yake nilizima injini ikisoma 120 psi (kipimo cha shinikizo), sasa mshale uko 65.

Nilifanya kosa ambalo karibu kila mwenye basi kuukuu hulifanya: nikaanza kununua vifaa. Gavana mpya, ile inayoiambia kompresa, yaani pampu ya upepo, ianze au iache kujaza. Kisha kichujio kipya cha draya, chombo kinachokausha upepo. Fedha ikaenda, na basi likaendelea kuinama kila usiku kama kawaida yake. Fundi mmoja mzee wa magari makubwa alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Upepo hautengenezwi, au haukai?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebadilisha vitu vya kutengeneza upepo wakati ugonjwa wangu ulikuwa wa kukaa.

Kabla hujaingia chini kusikiliza, tafadhali: basi linalobebwa na mifuko ya upepo linaweza kushuka hadi chini kwa sekunde chache paipu ikichomoka. Jeki peke yake haitoshi. Weka stendi imara au magogo chini ya fremu yenyewe, na kabari kwenye matairi. Na lile busta la breki za nyuma, kopo la upepo linalosukuma breki, lenye springi ndani, usiifungue bendi inayolibana hata ukiwa na spana nzuri kiasi gani. Springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Mwachie mwenye kazi yake.

Kipimo changu cha kwanza siku hizi hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Naegesha mahali tambarare, naweka kabari, najaza upepo mpaka kompresa iache yenyewe (kwenye magari mengi ni kati ya 120 na 130 psi), nazima injini, naachia hendibreki, kisha naangalia geji dakika moja. Kwa gari lisilo na tela, upepo haupaswi kushuka zaidi ya 2 psi kwa dakika hiyo. Halafu nakanyaga breki mpaka mwisho na kushikilia. Hapo unaruhusiwa kushuka 3 psi kwa dakika. Vipimo hivi ndivyo wanavyofundishwa madereva wa magari makubwa huko Marekani, na mimi sijaona sababu ya kuvilegeza kwa sababu tu ndani ya gari kuna kitanda na jiko.

Ukishapata namba, tazama ni mshale gani unaoshuka. Mabasi mengi yana mikondo miwili ya breki, wa nyuma na wa mbele, kila mmoja na mtungi wake wa upepo na mshale wake kwenye geji. Mshale mmoja ukishuka na mwingine ukabaki, umeshapunguza nusu ya kazi. Kukiwa na sauti ya kuvuja kwenye draya lakini mishale yote imetulia, vali za kuzuia upepo usirudi nyuma zinafanya kazi yake. Tatizo liko kabla ya mitungi, si baada yake.

Kwangu kulikuwa na dalili nyingine ambayo niliipuuza wiki nzima: mshale ulishuka haraka, kisha ukaganda kwenye 65. Kitu kinachovuja hakina sababu ya kuacha katikati, isipokuwa kuna mlango umefungwa. Na kweli upo. Vitu visivyo vya breki, kama milango, honi, waipa na mifuko ya upepo, hupewa upepo kupitia vali ya ulinzi. Upepo ukipungua mno, vali hiyo hujifunga ili kilichobaki kiwe cha breki. Kiwango cha kujifunga hutofautiana basi kwa basi. Langu hujifunga hapo 65. Maana yake breki zangu zilikuwa nzima. Mwizi alikuwa upande wa pili.

Nikachanganya sabuni ya vyombo na maji, nikapaka kila kiungo nilichoweza kukifikia. Hakuna povu lililotoka kuonyesha panapovuja. Nikasubiri usiku, kila kitu kimezimwa, friji, feni, hata simu, nikalala kifudifudi sakafuni sikio likigusa mbao. Ndipo nikausikia upepo, mwembamba kama mtu anayepuliza uzi aingize kwenye sindano. Ulitoka nyuma ya kabati la viatu. Nilipolifungua na kung'oa ubao, nikakuta skrubu ya kabati langu mwenyewe imechoma paipu ya nailoni iliyokuwa ikipeleka upepo kwenye mlango wa zamani wa abiria, mlango ambao nilishauziba miezi mingi kabla. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na ule mwinamo? Mfuko wa kona ile una ufa mdogo kwenye mkunjo, umekuwa ukivuja tangu nilinunue basi. Lakini vali ya kusawazisha basi ilikuwa ikiuongeza upepo kila ulipopungua, hivyo hakuna aliyejua. Skrubu yangu ilipoanza kuumaliza upepo wa mtungi kwa saa chache, mfuko ukakosa wa kuujaliza. Matatizo mawili yalijificha ndani ya moja, ndiyo maana kila nilichokisoma kilionekana kusema ukweli nusu.

Paipu isiyotumika usiizibe njiani kwa klipu na mpira. Ifuate mpaka inapoanzia, uichomoe, uzibe pale kwa plagi yake. Inayotumika, ikate kwa kikata paipu, si kwa kisu, maana mkato wa mshazari hauketi vizuri kwenye kiungo. Na utepe mweupe wa mafundi bomba wa nyumbani uache huko huko bafuni: vipande vyake hukatika vikaingia kwenye vali. Kuna gundi ya kupaka kwenye nyuzi za kiungo, zile za kuzungusha kama skrubu, tumia hiyo.

Kuna uvujaji mmoja unaowadanganya hata wenye uzoefu. Unasikia upepo ukitoka kwenye tundu la vali ya breki za nyuma, unaibadilisha vali, upepo unaendelea. Kabla ya kununua, vuta hendibreki. Sauti ikikoma mara moja, shuku busta: mpira wa ndani umechoka, na upepo unaoshikilia springi wakati hendibreki imeachiwa unapenya upande wa breki za mguu na kutafuta pa kutokea. Vali uliyokuwa ukiilaumu ni dirisha tu.

Ikiwa hakuna kinachovuja na bado upepo unajaa taratibu, hapo ndipo rudi kwenye kompresa. Injini ikizungushwa juu, kutoka 85 hadi 100 psi kusizidi sekunde 45. Angalia kwanza kichujio cha hewa inayoingia, kisha paipu ya kutokea, ambayo huziba kwa kaboni ya mafuta yaliyoungua. Fungua vikoki vya chini ya mitungi uone kinachotoka. Maji kidogo si ajabu. Uji wa rangi ya maziwa, au mafuta meusi, ni kompresa inayopitisha mafuta, na draya utakayoweka kabla ya kuitengeneza itakufa vilevile.

Sasa nyuma ya mlango wa kabati la viatu kuna mchoro wa paipu zote, kwa rangi, na skrubu za kabati zimekuwa fupi. Mfuko wenye ufa bado uko pale. Kila tukiegesha kwa muda mrefu naupima kwa rula kutoka kwenye fremu na kuandika kwa penseli: siku ya kwanza hakuna, ya pili sentimita moja, ya tatu tatu. Mpya umeshaagizwa. Hadi ufike, hakuna anayeingia chini ya kona ile, na mito tunaiweka upande wa kushoto.