Ufa kwenye gongo la besiboli la marehemu baba: msasa usiuguse

Ndugu yangu wa Lubumbashi, umeuliza namna ya kuziba ufa kwenye mpini wa gongo la besiboli aliloacha marehemu baba yako, na kama uanze na msasa. Msasa usiuguse kabisa.

Mimi ni seremala hapa Bukavu, Kadutu. Shemeji yangu anaishi Louisville, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi, na ndiko yalikoanzia magongo ya Louisville Slugger mwaka 1884. Ameniletea matano ya zamani. La kwanza lilikuwa na ufa, nami nikalipiga msasa, nikapaka vanishi. Ile lami ya msonobari wanayopaka wachezaji ili mikono isiteleze ikatoka yote, na alama za mipira zikafutika. Ufa ulizibika vizuri, lakini gongo likabaki kama limetoka dukani jana. Hadi leo linaniuma.

Basi chunguza kwanza. Magongo mengi ya zamani ni ya mti wa ashi, na huo hubanduka tabaka kwa tabaka kufuata pete zake. Ukiona ufa wa namna hiyo mpinini, na alama za mipira upande wa juu, huo umetoka uwanjani. Uzuie usiendelee, lakini usiufiche. Kama kuna misumari au utepe wa zamani, viache. Kuna mtu alilipenda gongo hilo kabla yenu.

Ngoja kiangazi, mbao iwe kavu. Puliza vumbi, fungua ufa kidogo kwa kijiti chembamba bila kulazimisha, kisha ingiza gundi kwa bomba la sindano mpaka itokeze upande wa pili. Gundi ya ngozi ya wanyama ndiyo bora, maana maji ya moto huilegeza na fundi mwingine ataweza kuifungua siku moja. Ukiikosa, tumia gundi nyeupe ya mbao. Ile inayoshika papo hapo hapana: hukauka kabla hujakutanisha kingo.

Futa gundi inayotoka kwa kitambaa chenye unyevu, mbali na lami na sahihi iliyoandikwa kwenye gongo, kama ipo. Zungushia nailoni, halafu chukua mpira wa ndani wa baiskeli, ukate ukanda wa vidole viwili, uvute kwa nguvu ukizungusha kuanzia chini ya ufa hadi uupite. Jiliwa la chuma hubana sehemu mbili tu na kuacha alama ya kubonyea kwenye mbao, lakini mpira hukaza mviringo mzima. Nimejaribu vyote viwili, sirudii chuma. Liache siku mbili.

Baada ya hapo watoto wasilichezee, litavunjika tena palepale. Na likija kuuzwa, mnunuzi aambiwe wazi kwamba limeungwa.

Kabla hujanunua gundi, weka hapa picha za mpini pande zote nne.