Meno ya Utoto Yanastahili Utafiti: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza

Mwezi uliopita makala yangu ya kwanza kuhusu kuoza kwa meno ya watoto wa chini ya miaka 5 ilikubaliwa na jarida la kitaaluma, na tangu hapo wanafunzi wa udaktari wa meno wananiandikia kuuliza nilipitia njia gani. Sifichi furaha yangu, kwa maana siku nilipowasilisha pendekezo la utafiti, mjumbe mmoja wa jopo alisema hakuna haja ya kutumia fedha kwa meno ambayo yatang'oka yenyewe. Maneno yale yananiuma hadi leo. Magego ya utoto hukaa kinywani mpaka mtoto afikie miaka 10 hadi 12. Yakioza mapema, mtoto hula kwa shida na hukosa usingizi, na yakilazimika kung'olewa, meno ya jirani husogea na kubana nafasi ya meno ya ukubwani.

Litafuteni swali lenu la utafiti katika kituo cha afya mnachokijua. Tanzania ina urithi mkubwa katika jambo hili: katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake wa Dar es Salaam walianza kuondoa sehemu laini ya jino lililooza kwa vifaa vya mkono, bila umeme, kisha kuliziba. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Umaskini wa vifaa ndio uliozaa swali lile, na dunia nzima ikanufaika.

Mimi nilichagua dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa juu ya jino na kusimamisha uozo bila kuchonga wala kuchoma sindano ya ganzi. Mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tatizo lake ni kwamba sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima. Wazazi wengi niliozungumza nao waliikubali kwa magego, lakini kwa meno ya mbele walisita, na bibi mmoja aliniuliza mjukuu wake atachekaje mbele ya wenzake.

Jopo lilitaka idadi ya matundu peke yake. Nilishikilia kwamba lazima pia tuulize kama mtoto analala na anakula, na sehemu hiyo ya makala ndiyo wahakiki waliyoisifu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye watoto 1,144 wa miaka 3 hadi 7, ulilinganisha njia tatu za matibabu kwa kupima maumivu na maambukizi, si matundu peke yake, na haukuona tofauti ya wazi. Kwa hiyo, ndugu zangu, waulizeni walezi mtoto anapitia nini. Waulizeni tena na tena.

La mwisho nalisema kwa uzito. Ukimkuta mtoto mwenye jipu la ufizi wakati wa kukusanya takwimu, huna ruhusa ya kumhesabu na kumrudisha nyumbani. Andika gharama za matibabu na nauli ya mzazi katika bajeti kabla ya kuipeleka kwa kamati ya maadili, na mfadhili akizifuta, zirudishe.